Mbona kwenye laptopu ilikimbia, mtandaoni inajikokota?

SWALI: Tuna seva mbili, moja Nairobi, nyingine Frankfurt. Kila moja imeshika kipande cha ufunguo wa AES (njia ya kusimba data), na kwa GMW, itifaki ya kukokotoa pamoja huku kila upande ukificha siri yake, husimba data kwa pamoja bila yeyote kuuona ufunguo mzima. Kwenye laptopu, bloku moja (fungu moja la data) hukamilika kufumba na kufumbua; kati ya seva hizo ni sekunde 9 na ushei. Ping (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) ni milisekunde 150, laini ni megabiti 10 kwa sekunde. Tungeweza kulibashiri hili? — Msomaji, Arusha

JIBU: Mngeweza, tena kwa kalamu tu. Prosesa iwekeni kando kwanza. GMW huigeuza hesabu kuwa saketi ya malango, yaani hatua ndogo za biti, za XOR na AND. Malango ya XOR hayatumi chochote mtandaoni. Gharama iko kwenye AND. Saketi ya AES-128 inayotumiwa sana ina AND 6,400, na zile zinazosubiriana hufanya ngazi 60. Katika GMW, kila ngazi lazima seva zibadilishane biti. Zikituma zote mbili kwa wakati mmoja, ngazi hula nusu ya ping, safari ya kwenda tu: 60 × 75 ms, yaani sekunde 4.5.

Nyinyi mmepata 9, mara mbili yake, na hapo ndipo pa kutilia shaka. Yaelekea programu yenu inazungumza kwa zamu: seva moja haitumi mpaka ipokee. Zote zitume kwanza, ndipo zipokee. Washeni pia TCP_NODELAY, mpangilio wa kutuma ujumbe papo hapo, maana ujumbe wa biti chache huweza kushikiliwa ukingoja wenzake.

Njia mbadala ya GMW, saketi zilizovurugwa za Yao (upande mmoja husimba saketi nzima na kuituma kwa mwingine), hulipa ping mara chache tu, ila kila AND hubeba baiti 32. Bloku moja ni kilobaiti 205, kama sekunde 0.16 za laini yenu. Hapo GMW haioni ndani. Lakini bloku 1,000 kwa pamoja? Yao hufika megabaiti 205, sekunde 164. GMW hubaki na ngazi zilezile 60, kila upande ukituma biti 2 kwa AND: sekunde 1.3 juu ya zile 4.5. (Maandalizi ya AND, yanayofanywa kabla ya data kufika, sijayahesabu. Kwa OT (mbinu ya kumpa mwenzako kimoja kati ya viwili bila kujua alichochagua) ya mtindo uitwao IKNP hula data karibu sawa na Yao, basi yafanyeni usiku.)

Kabla ya kukodi seva nyingine, igeni umbali kwenye laptopu ya Linux:

sudo tc qdisc add dev lo root netem delay 75ms

Ni 75, si 150: lo, njia ya mtandao ya ndani ya kompyuta, hupitisha kwenda na kurudi, hivyo mtachelewa mara mbili. Mkimaliza, ondoeni kwa sudo tc qdisc del dev lo root, la sivyo kesho mtailaumu hifadhidata.