Hoteli za kifahari za Arusha: jibu kwa anayetaka kwenda kupumzika

Ndugu mleta mada, umeuliza kama inafaa wewe na mkeo mwadhimishe miaka kumi ya ndoa kwa kulala siku mbili katika mojawapo ya hoteli za kifahari zilizoko pembezoni mwa Arusha, badala ya kuzipeleka fedha hizo Zanzibar, na mwishoni ukaongeza swali kuhusu watoto. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika kati ya wanaosema huo ni ufujaji na wanaosifia kila kitu hadi sabuni ya bafuni. Mimi nimelala katika hoteli ya aina hiyo upande wa Usa River, kwanza kwa gharama za mwajiri na baadaye kwa fedha yangu mwenyewe, na ninakuhakikishia kwamba mtu anayejilipia huona mengi ambayo mgeni wa semina huyapita bila kuyatazama. Jina la hoteli sitalitaja, kwa kuwa huenda baadhi ya kasoro nitakazozieleza zimekwisha kurekebishwa, na kwa kuwa mengi ninayoyasema yanahusu hoteli nyingi za ukanda ule.

Jambo la kulielewa kabla ya yote ni kwamba hoteli hizi, kwa kiasi kikubwa, zinaishi kwa kutegemea wapita njia. Arusha ni mlango wa hifadhi za kaskazini. Mgeni wao wa kila siku hutua KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, jioni au usiku, hufikishwa hotelini akiwa hoi, hulala, na asubuhi hupanda Land Cruiser kuelekea Tarangire, Manyara au Ngorongoro. Akirejea baada ya siku kadhaa, hupewa chumba kwa saa chache ili aoge na kubadili nguo kabla ya kuwahi ndege. Kila kitu pale kimepangwa kufuata mwendo wa mtu huyo. Kifungua kinywa huanza mapema, chakula cha mchana hufungwa kwenye maboksi ya kubeba safarini, dobi hujitahidi kurudisha nguo siku hiyo hiyo, na mhudumu wa mapokezi huuliza utaondoka saa ngapi kabla hujamaliza kuandika jina lako. Wewe unayekuja kukaa na kutulia ni mgeni wa aina nyingine, na usipolisema hilo mapema utahudumiwa kama mtu mwenye ndege ya kuwahi.

Hata hivyo, hapo hapo ndipo ilipo faida yako. Magari ya watalii yakishaondoka, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi alasiri, eneo lote hubaki karibu tupu. Bustani ya ekari kadhaa, viti vyote vya kando ya bwawa, kibaraza cha mkahawani na wahudumu wasio na haraka huwa vyako. Nilikaa chini ya mti wa mgrivea, mashamba ya kahawa yakiwa upande wa pili wa uzio, nikaagiza kahawa iliyokaangwa kutoka katika mashamba hayo hayo, na kwa saa nzima sikusikia sauti nyingine isipokuwa ya kima waliokuwa wakivizia sahani za sukari. Mtalii aliyelipa zaidi ya nilicholipa mimi hakuyapata hayo, kwa sababu wakati huo alikuwa ameshapita Makuyuni akila vumbi. Kwa hiyo, mkiamua kwenda, msipange safari nyingine yoyote mchana. Watu wanaolipia chumba cha namna ile kisha wakashinda mjini, Soko Kuu au Mnara wa Saa, wanarudi jioni kugombania meza na makundi ya watalii, halafu wanalalamika kwamba hawakuona thamani ya fedha yao.

Chumba chenyewe hakina dosari kubwa. Godoro lilikuwa zuri kuliko langu la nyumbani, shuka zilikuwa za pamba halisi, na bafu lilikuwa na maji ya moto yaliyotoka bila kusubiriwa. Usishangae ukikosa kiyoyozi, kwani Arusha iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 na kati ya Juni na Agosti shida huwa ni baridi. Jioni, wakati tukiwa mezani, mhudumu aliingia chumbani akashusha chandarua na kuweka chini ya blanketi chupa ya mpira yenye maji ya moto, na mke wangu, ambaye hakuambiwa, alipoigusa kwa mguu alipiga kelele akidhani ni mnyama. Bwawa la kuogelea, kwa upande mwingine, ni la kutazama tu katika miezi hiyo. Maji hayapashwi moto, na sikuona aliyethubutu zaidi ya vijana wawili wa Kizungu waliotoka haraka kuliko walivyoingia. Kama kuogelea ni sehemu ya ndoto yenu, nendeni kati ya Desemba na Februari, au mchague Zanzibar bila kujiuliza mara mbili.

Msilipe ziada kwa ajili ya chumba kinachotazama mlima kabla hamjatafakari. Mlima Meru, wenye mita 4,566, uko karibu kiasi kwamba siku ya anga safi unauona kutoka mahali popote bustanini, tena bila kuongeza hata senti. Kilimanjaro ndio unaouzwa kama mandhari ya pekee, nao una tabia ya kujionyesha alfajiri na kabla ya machweo, kisha kujifunika mawingu sehemu kubwa ya mchana. Wakati wa masika, na hata Juni na Julai, siku zinaweza kupita bila kuonekana kabisa. Mtu aliyezaliwa Moshi, kama mimi, hawezi kulaumu mlima kwa kujificha, lakini anaweza kumlaumu anayeutoza fedha kana kwamba ameufunga kamba.

Sasa nizungumzie mapokezi ya mgeni mwenyeji, suala ambalo waliochangia wamelikwepa. Mara ya kwanza nilipofika kwa gari la kampuni, geti lilifunguliwa kabla dereva hajapiga honi. Nilipokuja na familia yangu kwa teksi ya kawaida kutoka Tengeru, mlinzi alitusimamisha, akauliza tunakwenda kwa nani, na akasisitiza kuona ujumbe wa kuthibitisha nafasi huku gari la watalii likipita pembeni yetu bila kuulizwa lolote. Hakutoa neno la matusi, na ninajua anafanya anavyoelekezwa, lakini mtu mzima aliyelipa fedha yake hawezi kujifanya hakuliona hilo. Nililieleza kwa meneja siku ya pili, kwa utulivu. Aliomba radhi, na sijui kama kuna kilichobadilika. Nakushauri uchapishe uthibitisho wa malipo na uwe nao mkononi, si kwa sababu ni haki kuombwa, bali ili siku ya mkeo isianze kwa mabishano getini.

Baada ya geti, hata hivyo, Mtanzania hupata huduma ambayo mgeni wa mbali haipati, nayo ni ukweli. Dada wa mapokezi alianza na Kiingereza cha kukariri, akatukaribisha kwa juisi na taulo lenye uvuguvugu. Nilipomjibu kwa Kiswahili na mama yangu, ambaye tulikuwa naye safari ile, alipoitikia shikamoo yake na kumuuliza kwao ni wapi, mazungumzo yakageuka. Alitazama tena orodha yake, akashusha sauti na kusema, "Mama, chumba hiki kiko nyuma ya jenereta, na umeme wa hapa hukatika, ngoja niwapeni kile cha upande wa mashamba ya kahawa." Usiku umeme ulikatika kweli, na ngurumo ya jenereta tuliisikia kwa mbali. Mhudumu wa chakula naye alimwambia mama waziwazi kwamba samaki aliyeandikwa kwenye menyu ametoka kwenye friza na kwamba nyama ya mbuzi ndiyo iliyoingia asubuhi ile. Maelezo ya namna hiyo hayapatikani kwa anayejifanya mgeni. Salimieni watu, waulizeni, na mjitambulishe kuwa mmekuja kupumzika.

Kuhusu chakula nina mengi ya kusema, kwa sababu ndipo nilipoona pengo kubwa kati ya bei na kinachotolewa. Kifungua kinywa kilikuwa bafe ya kueleweka: mapapai na maparachichi yaliyoiva sawasawa, mikate iliyookwa pale pale, mayai yanayokaangwa mbele yako, na maandazi madogo yaliyowekwa pembeni kama mapambo. Chakula cha usiku, ambacho huletwa kwa awamu na kwa menyu iliyopangwa, kilikuwa supu ya malenge isiyo na ladha, nyama laini yenye mchuzi mtamu, viazi vilivyopondwa, na kitindamlo kilichopambwa kwa ustadi mkubwa. Hakikuwa kibaya. Kilikuwa chakula cha mtu ambaye mpishi anaogopa kumuudhi tumbo usiku wa kuamkia safari, na kwa kuwa wageni wengi ni wa namna hiyo, hofu hiyo inaeleweka. Jambo la ajabu ni kwamba tulikuwa katikati ya nchi ya ndizi na maziwa, katika vilima ambako Wameru hupika loshoro, chakula cha mahindi na maziwa mgando, na Wachagga mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa kwenye menyu. Mama aliuliza kama jikoni hawajui kupika ndizi. Kumbe mtori unapikwa kila wiki, wa ndizi mshare, kwa ajili ya wafanyakazi! Kesho yake mpishi alituletea bakuli lenye mvuke, pamoja na pilipili ya kuponda, na watalii wawili wa meza ya jirani wakauliza kwa nini wao hawakupewa. Basi agizeni siku moja kabla. Ndizi nyama, mbuzi wa kuchoma, supu ya asubuhi na chapati, vyote vinawezekana, mradi mseme mapema.

Kabla sijalisahau: ukanda ule una maji yenye madini mengi ya floraidi, yanayotokana na miamba ya volkano ya Mlima Meru, na ndiyo sababu ya meno ya kahawia mnayoyaona kwa wenyeji wengi. Kuyachemsha maji kwenye birika la chumbani hakuondoi floraidi. Kwa kukaa siku mbili hakuna la kuogopa, lakini kunyweni maji ya chupa yaliyowekwa chumbani, na ulizeni kama ni ya bure au yanaingia kwenye hesabu.

Hapo tunafika kwenye hesabu. Ulizeni bei ya mkazi, kwani hoteli nyingi za Arusha zina bei tofauti kwa raia na wakazi wa Afrika Mashariki, nayo mara nyingi haionekani kwenye tovuti za kuhifadhia vyumba. Mimi niliipata kwa kupiga simu moja kwa moja, na ilikuwa nafuu kwa kiwango cha kunifanya nibadili uamuzi. Beba kitambulisho cha Taifa, maana watakiomba. Ulizeni kama bei imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, na kama ni ya chumba au ya kila mtu, kwa kuwa wengine hutangaza bei ya kichwa kimoja na msomaji akadhani ni ya wawili. Zamani nililetewa ankara ya dola nikalazimika kukubali kiwango chao cha kubadilishia fedha. Tangu kanuni za mwaka 2025 zilipopiga marufuku kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, una haki ya kudai bei yako kwa shilingi, na udai kabla ya kulipa amana. Vinywaji ndivyo vinavyopandisha ankara kimyakimya, pamoja na dobi anayetoza kila nguo peke yake, soksi zikiwemo. Bakshishi niliiweka kwenye kisanduku cha pamoja pale mapokezi, kwa sababu mtori uliletwa na mhudumu lakini ulipikwa na mtu ambaye hatukumwona tena.

Ukiniuliza kama ningerudia kwa fedha yangu, ningerudia, lakini si katika msimu wa Julai hadi Septemba, ambapo bei huwa juu na vyumba vimejaa. Novemba kuna mvua za vuli ambazo mara nyingi hunyesha na kupita, na Aprili na Mei, ingawa ni masika, hoteli zisizofungwa hushusha bei kwa sababu watalii ni wachache. Kwa watu wawili wanaotaka utulivu, mvua juu ya paa na moto kwenye seble si hasara. Kama mnatoka Dar es Salaam kwa basi, ongezeni usiku mmoja, kwani siku ya kwanza itaishia barabarani. Kama mnatoka Moshi, ni takriban kilomita 80 hadi Arusha mjini na pungufu ya hapo hadi Usa River, ila maeneo ya kwenda mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni mengi, hivyo msipange kufika kwa saa moja. Fikeni mapema, maana chumba hukabidhiwa mchana na mchana ndio mnaoulipia.

Kuhusu watoto: waacheni kwa bibi yao. Hoteli niliyolala inawapokea, ina vitanda vyao na mhudumu wa kuwatunza kwa malipo, lakini hakuna cha kuwashughulisha baada ya kima na bwawa lenye maji baridi, na kila saa wataomba soda ambayo bei yake ni mara kadhaa ya ile ya dukani kwa Mangi.