Usiimbe Rainy Blue kwenye harusi ya mwenzako: soma maneno mpaka mstari wa mwisho

Mkuu, weka maiki chini kwanza. Nimekusoma nikiwa kwenye treni na nimeshindwa kusubiri nifike nyumbani.

Kwa watakaoingia baadaye: mleta uzi yuko Nagoya, hapa Japani, mwenzake wa kazini anaoa Jumamosi hii, jioni vijana wanaendelea na sherehe ya pili kwenye karaoke, naye anataka wimbo wa Kijapani unaoendana na msimu huu wa mvua. Kauliza pia sauti nzito inafaa wimbo gani, mchango ni kiasi gani, avae nini, na asiyekunywa pombe afanyeje. Halafu mwisho kabisa kaandika kwamba ameshaanza mazoezi ya Rainy Blue ya Tokunaga Hideaki, "maana ni tamu na ni ya mvua".

Wimbo ule ule. Harusi, Juni, karaoke, vyote vile vile. Nimeona mkono unatetemeka.

Mimi nilikuwa Hamamatsu, mwaka wangu wa pili kiwandani. Jamaa wa mashine ya jirani, aliyenifundisha kazi toka siku ya kwanza, akanialika harusini. Nikajiandaa kama mtu mwenye adabu zake. Niliuliza habari ya bahasha, nikaambiwa niweke yeni 30,000, noti tatu mpya za elfu kumi, kwa sababu mbili zinagawanyika na maharusi hawagawanywi. Nikaenda benki kubadilisha noti zilizokunjwa. Bahasha nikaishika kwa mikono miwili. Kila kitu sawasawa.

Siku ile mvua ilinyesha toka alfajiri. Sisi watu wa Tanga tunajua mvua ya siku ya harusi ni baraka, na pale ukumbini mkuu wa kitengo chetu akasimama akasema methali yao, ame futte ji katamaru, mvua ikinyesha ardhi hushikana ikawa ngumu. Watu wakapiga makofi. Nikasema moyoni, kumbe hawa na sisi ni wamoja, mvua ni heri kotekote. Na mimi mfukoni nina wimbo wa mvua!

Wimbo huo nilipewa na Mswahili mwenzetu, mkongwe wa huku, aliyekuwa anasambaza kwenye kundi letu la WhatsApp orodha yake ya "nyimbo kumi za karaoke za tsuyu". Tsuyu ndiyo masika yao haya, mwanzo wa Juni mpaka katikati ya Julai. Nilimpigia simu kabisa. Kaka, huu wimbo unahusu nini? Akanijibu, "Mvua tu mdogo wangu, mvua na mahaba, utawaua." Mpaka leo nikikumbuka lile jibu damu inanichemka. Yule bwana alitafuta kila wimbo wenye neno mvua akauweka kwenye orodha. Tanzia ya msiba angeipeleka harusini mradi imetaja mawingu. Kama hujui maneno ya wimbo, sema hujui! Mtu anakuamini kwa sababu umemtangulia ugenini, na wewe unampa kisu ukimwambia ni kijiko.

Sasa sikia wimbo wenyewe unasema nini. Ni usiku wa manane, hakuna mtu barabarani. Mtu yuko kwenye kibanda cha simu, nje mvua. Anaanza kupiga namba aliyoizoea, kidole kinasimama katikati. Wameachana. Kiitikio kinasema kwamba mambo haya yalikwishaisha, kwa nini bado namfuata? Na neno lililotumika hapo ni owatta, imeisha.

Mkuu, harusini kwa Wajapani kuna maneno hayatajwi: kuachana, kukatika, kuisha. Keki hawasemi inakatwa, wanasema kisu kinaingizwa. Hata sherehe ikifika mwisho hawasemi imeisha, wanasema ohiraki, "kufunguliwa". Watu wamekwepa neno moja kutwa nzima, na mimi nikashika maiki nikaliimba kwa sauti yote, macho nimefumba.

Nilipofumbua macho nikaona bibi harusi anatazama glasi yake, anazungusha mrija. Bwana harusi ananitazama mimi. Rafiki yake mmoja akanyoosha mkono taratibu kwenye kile kioo cha kuchagulia nyimbo, denmoku, akagusa kitufe cha kusimamisha. Muziki ukakatika. Mvua nje ikasikika.

Na hapo ubaya bado. Kumbe yule binti aliwahi kuwa na mtu mwingine pale pale kiwandani, na mtu huyo ndiye niliyekuwa nakaa naye bweni moja. Mimi sikujua hata chembe. Bwana harusi akaamini nimetumwa. Aliona nimesimama mbele ya wageni wake kumfikishia mkewe salamu za yule wa zamani: bado nakufuata, bado napiga namba. Sisi tuliokulia kwenye taarab tunajua hilo linaitwaje. Kijembe. Kwetu wimbo ukipigwa ukumbini, wanawake wanasikiliza maneno kabla ya kinanda, na kila mmoja anajiuliza umepigiwa nani. Nimelelewa kwenye jambo hilo, halafu nikafika ugenini nikadhani nyimbo za wenzetu ni sauti tu.

Miezi minne jamaa hakuniambia kitu zaidi ya "otsukaresama", yaani pole na kazi, ya kutoka kazini. Mtu aliyenishika mkono kwenye mashine! Niliomba radhi mara tatu, ya mwisho nikiwa na mkuu wa kitengo pembeni ananisaidia lugha. Alinisamehe, lakini nyumbani kwake sijaalikwa tena.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: soma maneno yote, mpaka mstari wa mwisho, na ujue nani anaondoka. Kwenye nyimbo zao mvua karibu siku zote ni machozi. Lemon ya Yonezu Kenshi ya 2018, ambayo najua mtu atakushauri hapa chini, ina mvua ndani yake na ni wimbo wa kuomboleza. Babu yake alifariki wakati anautunga. Ame no Bojo ya Yashiro Aki, iliyochukua tuzo kubwa ya rekodi Japani 1980, ni mwanamke peke yake anaiomba mvua izidi kunyesha imletee mpenzi wake. Ni wimbo mzuri mno, wazee wa kazini watakupenda ukiuimba Ijumaa ya kawaida. Harusini hapana. Wimbo "Ameagari no Yozora ni" wa RC Succession unachangamsha chumba, lakini lile gari linaloimbwa mle si gari, ni fumbo la mambo ya kitandani, na wote wanajua.

Jumamosi imba Niji ya Suda Masaki, ya 2020. Niji ni upinde wa mvua, kwa hiyo msimu wako umo humo humo, na ulitoka na filamu ya Doraemon ambayo Nobita anaoa. Maharusi wengi wanautumia wenyewe. Ukiona unapanda juu, shusha ufunguo ngazi tatu au nne kwenye denmoku, ndiyo kazi yake.

Ukishindwa kabisa, imba Amefuri, wimbo wa watoto wa 1925. Sauti nzito haina tatizo, maana chumba kizima kitakuitikia pichi pichi chapu chapu ran ran ran. Unaanza na "ame ame fure fure", maneno yale yale ambayo Yashiro Aki anayaimba kwa majonzi kwenye Ame no Bojo, ila huku mtoto anafurahi mama kamfuata na mwavuli. Mbele kidogo anamwona mwenzake amelowa, analia chini ya mti, anamwazima mwavuli wake. Hakuna anayeachwa mle ndani, nimeukagua beti kwa beti.

Mchango, nguo na habari ya pombe wadau wengine watakujibu. Leo ni Jumanne. Weka hapa jina la wimbo utakaouchagua kabla ya Alhamisi usiku. Natoka zamu saa nne, nitausoma mstari kwa mstari nikuandikie kila kilichomo.