Je, Thomas Cromwell alikuwa na nguvu kumshinda mfalme?

Hapana ndugu yangu, Cromwell, waziri wa Henry VIII, mfalme wa Uingereza, hakumtawala mfalme huyo. Alikuwa mtoto wa mhunzi wa Putney, hana ukoo mkubwa wala jeshi. Nguvu zake zote zilikuwa kibali cha mfalme. Ila alikitumia kibali hicho vilivyo. Mambo aliyapitisha bungeni: 1534 sheria ikamtambua mfalme kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza, na 1536 zikaanza kufungwa nyumba za watawa zenye mapato chini ya pauni 200 kwa mwaka. Mali ikaenda kwa mfalme, na maskini waliozoea kupewa chakula mlangoni pa watawa wakaachwa hivihivi. Hilo mimi simsamehei.

Lakini kuna agizo lake la 1538 ninalolipenda sana: kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko, liandikwe kila Jumapili, litunzwe ndani ya sanduku lenye kufuli mbili. Hadi leo Waingereza hutafuta majina ya mababu zao humo.

Kibali kilipokwisha alikatwa kichwa, tarehe 28 Julai 1540, siku ileile Henry alipomwoa Catherine Howard.