Re: Nimevimba midomo baada ya diklofenaki, nitumie ibuprofeni?

Pole sana dada. Midomo na kope kuvimba si jambo la kupuuza, na ibuprofeni usiiguse kwanza. Diklofenaki, aspirini, ibuprofeni na naprokseni zote huzuia kimeng'enya kilekile (kichocheo cha mwilini kinachohusika na maumivu na uvimbe), ndiyo maana mwili ukiikataa moja mara nyingi huzikataa na nyingine, hasa kwa mwenye pumu au vinyama puani. Parasetamoli ya kawaida wengi huivumilia, lakini mwulize daktari kwanza. Na soma pakiti vizuri! Kuna vidonge vinavyochanganya parasetamoli na diklofenaki humohumo, na muuzaji anakupa tu kama "dawa ya maumivu". Hata jeli ya kuchua yenye diklofenaki, iache. Kifua kikibana au ulimi ukivimba, kimbilia hospitali saa hiyohiyo.