Kwa nini mapigo kumi, si moja?

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kwa nini Mungu aliipiga Misri mara kumi, wakati pigo moja lingetosha kuwatoa Waisraeli. Jibu limo ndani ya kitabu cha Kutoka chenyewe, ila wengi hulipita wakikimbilia nzige na giza. Katika 9:15-16 Musa anatumwa amwambie Farao kwamba Mungu angeweza kumfutilia mbali kwa tauni, yeye na watu wake. Amemwacha hai ili auone uwezo wake, na jina lake litangazwe duniani kote. Kuwatoa watumwa ni sehemu tu ya kusudi. Mungu alitaka pia ajulikane.

Rudi nyuma hadi 5:2, Farao anapouliza: "BWANA ni nani, hata nimsikilize sauti yake?" Mapigo yanamjibu, na jibu linapanda ngazi. Gawa tisa ya mwanzo matatu matatu, utaona mpangilio. Kwenye la 1, la 4 na la 7, Musa anamkabili Farao asubuhi na kumpa sababu. Kwenye damu, ajue kwamba huyu ndiye BWANA (7:17). Kwenye mainzi, Gosheni, walikokaa Waisraeli, inatengwa ili ajue kwamba BWANA yumo katika nchi ile ile ambayo Farao anaitawala (8:22). Kwenye mvua ya mawe, ajue kwamba BWANA hana mfano ulimwenguni (9:14). La 2, la 5 na la 8, Musa anatumwa aingie kwa Farao kumwonya. La 3, la 6 na la 9 yanashuka bila onyo. La kumi liko peke yake.

Waganga wa Misri nao wafuatilie. Wanageuza maji kuwa damu na kuleta vyura, yaani wanaongeza balaa juu ya balaa. Kuondoa chura hata mmoja hawawezi, na Farao analazimika kumwomba Musa. Kwenye chawa wanakwama na kukiri: "Jambo hili ni chanda cha Mungu", yaani kidole chake (8:19). Kwenye majipu hata kusimama mbele ya Musa kunawashinda.

Pigo la saba, la mvua ya mawe, ndilo lenye mengi zaidi. Onyo linatolewa siku moja kabla: ingizeni watu na mifugo ndani. Baadhi ya watumishi wa Farao wanalitii neno hilo na kuokoa walicho nacho, Wamisri hao (9:20)! Mwandishi anataja hadi mazao: shayiri ilikuwa na masuke na kitani kimetoa maua, vikaharibika, ngano ilisalimika kwa kuwa ilikuwa haijakua. Farao alibakiziwa chakula. Akavunja ahadi, na nzige wakala kilichosalia.

Makosa mawili hujirudia katika mafundisho. La kwanza ni kulibandikia kila pigo mungu wake wa Misri. Ni kweli 12:12 inataja hukumu juu ya miungu ya Misri, na giza dhidi ya Ra, mungu jua, linaeleweka. Ukifika kwenye chawa utaanza kulazimisha. La pili ni kudai Farao hakupewa nafasi. Ugumu wa moyo ulitabiriwa mapema (4:21), lakini hadi pigo la tano maandiko yanasema moyo wake ulikuwa mgumu au aliufanya mgumu mwenyewe. BWANA anatajwa kuufanya mgumu mara ya kwanza kwenye la sita (9:12).

Wala mapigo si silaha ya Israeli dhidi ya mataifa. Amosi 4:10 inasema Israeli wenyewe walipelekewa tauni kama ile ya Misri, "lakini hamkunirudia mimi". Hata hivyo, anayemnyoshea kidole kila mgonjwa asome kwanza Ayubu: majipu yalimpata mtu mwenye haki, na rafiki zake waliomhukumu ndio waliokemewa.

Na pigo laweza kuishia kwenye rehema. Katika 2 Samweli 24, mfalme Daudi anamkosea Mungu kwa kuhesabu watu, na tauni inaua 70,000. Anaomba mkono wa Mungu uwe juu yake na nyumba ya baba yake, maana kondoo hawa, yaani watu wake, wamefanya nini? Anaelekezwa kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna. Anakataa kupewa bure. Anaununua pamoja na ng'ombe kwa shekeli 50 za fedha, anajenga madhabahu, na tauni inazuiwa. Mahali hapo, kwa mujibu wa 2 Mambo ya Nyakati 3:1, ndipo Sulemani alipojenga hekalu.