Kuvunjika mkono kwa kujikwaa mkekani

*Mama ana miaka 67. Alijikwaa kwenye mkeka, akajikinga na kiganja, mkono ukavunjika. Ameshatolewa plasta ngumu ya P.O.P. Kuna la zaidi?*

Lipo, tena ndilo kubwa: huenda ana osteoporosisi, yaani mifupa iliyopungua uimara. Kwa kawaida mfupa wenye afya hauvunjiki kwa mtu kuanguka akiwa amesimama tu. Hedhi ikishakoma, estrojeni iliyokuwa ikiulinda mfupa hupungua, na mwili hubomoa haraka kuliko unavyojenga. Hakuna maumivu, wengi hujua siku ya kuvunjika. (Goti linalouma na kuambiwa "mifupa imesagika" ni ugonjwa mwingine, wa maungio.) Aombewe kipimo cha DEXA, picha ya mionzi kidogo ya nyonga na uti wa mgongo. Alama ya -2.5 kushuka chini ndiyo osteoporosisi. Mashine hizo ni chache na nyingi ziko miji mikubwa. Ikikosekana, daktari anaweza kuamua tiba kwa umri wake, huo mvunjiko na historia yake. Msisubiri nyonga ivunjike. Na huo mkeka uondoeni leo.

*Supu ya makongoro hujenga mifupa? Naipika kila Jumamosi.*

Inywe kwa utamu wake. Kalsiamu inayotoka kuingia kwenye mchuzi ni kidogo mno. Nyingi hubaki mfupani, na mfupa unautupa. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji kama miligramu 1,200 kwa siku. Dagaa wanaoliwa wazima na miiba yao, maziwa na mtindi vitakusogeza zaidi. Mchicha nao tunausifu kupita kiasi: kalsiamu imo, ila oksaleti, kemikali iliyomo kwenye majani yake, huishikilia isifyonzwe. Sukuma wiki inaushinda.

*Nimepewa alendroneti, kidonge cha osteoporosisi, ya miligramu 70 kila wiki. Inaniunguza kifua.*

Usimeze kidonge kingine kabla ya kumwona daktari. Ila nawe jiulize unakimezaje. Shangazi yangu alikuwa akikishushia na chai ya maziwa, kisha anajirudia kitandani. Maziwa hukizuia kufyonzwa, na kulala hukirudisha kooni. Humezwa alfajiri tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, halafu unakaa wima au kutembea nusu saa kabla ya kutia kitu kinywani. Kikikushinda, ipo dripu ya zoledroniki, mara moja kwa mwaka, baada ya kupimwa figo. Na kabla ya kung'oa jino, mwambie daktari wa meno unatumia nini.

*Nina miaka 58, nipo kwenye ARV. Zinahusika?*

Kidogo. Tenofovir, dawa mojawapo iliyomo kwenye TLD (kidonge cha ARV chenye dawa tatu), hupunguza uzito wa mifupa, lakini usiruke hata dozi moja kwa sababu hiyo. Waulize kliniki wakupime figo na waitazame mifupa. Mimi hunitisha zaidi dawa za steroidi, prednisoloni na deksamethasoni, zinazonunuliwa dukani bila cheti, za pumu, za maungo, hata za kunenepa. Hizo hula mfupa. Kama umezimeza miezi kadhaa, usizikate ghafla pia: nenda nazo hospitali, na pakiti yake mkononi.