Usiitazame Taxi Driver kwa Sababu ya Bastola

Wengi wanaijua filamu ya Taxi Driver kwa kipande kimoja tu: Robert De Niro kasimama mbele ya kioo, silaha mkononi, anajiuliza mwenyewe, "Unaongea na mimi?" Maneno hayo hayakuwemo kwenye mswada. Mswada ulisema tu kwamba Travis, dereva anayeigizwa na De Niro, anaongea peke yake kwenye kioo, yaliyobaki De Niro akayatunga papo hapo. Ni kipande kitamu kukiigiza, sikatai. Lakini kama umepanga chumba mjini na unaishi peke yako, hasa ukiwa mtu wa zamu ya usiku, kuna vipande viwili vingine vinavyokuhusu zaidi.

Kwa asiyeijua, ni filamu ya Martin Scorsese iliyotoka 1976, na mwaka huohuo ikachukua Palme d'Or, tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa. Travis Bickle ametoka jeshini, usingizi haumjii, basi anaomba kazi ya teksi New York, ashinde barabarani usiku kucha. Jiji lenyewe wakati ule lilikuwa limekaribia kufilisika, na filamu ilipigwa picha majira ya joto ya 1975. Jasho na taka unazoziona mle si mapambo.

Mimi sijawahi kuendesha teksi. Nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja Dar, zamu ya usiku. Aliyeifanya kazi hiyo anajua: wewe unarudi, majirani wanatoka, ukiamka, wenzio wanarudi wamechoka, hawana hamu ya stori. Sherehe zinakupita, misiba unaisikia imeshazikwa. Watu unaongea nao wengi sana, ila maneno ni yaleyale: karibu, funguo hii hapa, usiku mwema. Ndiyo maana kuna abiria mmoja kwenye filamu hanitoki kichwani, na anayemwigiza ni Scorsese mwenyewe. Anamsimamisha Travis chini ya ghorofa, anamwonyesha dirisha alipo mke wake, anaanza kueleza atakavyomuua. Travis anasikiliza, hajibu kitu. Atakwenda kuyatua wapi maneno yale?

Sasa kipande cha kwanza. Travis anawaandikia wazazi wake kadi moja, iwe ya kumbukumbu ya ndoa yao, ya siku ya akina baba na ya siku ya kuzaliwa ya mama, zote humohumo, kwa kuwa tarehe kazisahau. Anawaambia anafanya kazi nyeti ya serikali, hawezi kutoa anwani. Hela anapata. Halafu ana mchumba, Betsy. Huyo Betsy alishamkataa zamani.

Nani kati yetu hajaituma kadi ile? "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hujambo?" "Sijambo, kazi zinaenda vizuri tu." Ukituma na hela kidogo kwa simu, nyumbani wanatulia kabisa. Sikwambii umwagie mama yako kila kitu, maana wengine presha itapanda. Chagua mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Kwangu alikuwa mama mdogo. Nilikuwa namwambia vitu vidogo kabisa: "Mama mdogo, leo tangu niamke sijaongea na mtu." Hakunipa mahubiri. Aliuliza nimepika nini, nikisema sijapika, ananiambia niweke sufuria jikoni nimtumie picha. Nilikuwa nacheka, lakini napika.

Kipande cha pili ndicho kilichonifanya niandike haya. Travis anamfuata dereva mwenzake mkubwa, wanamwita Wizard, anamwambia ana mawazo mabaya kichwani. Tazama anavyohangaika kulitoa neno! Wizard naye anamzungusha: mtu akishika kazi, kazi ndiyo inakuwa yeye, nenda kalewe, tafuta mwanamke, utakuwa sawa. Travis mwenyewe anamwambia hajawahi kusikia ujinga kama huo. Wizard si mtu mbaya. Ana haraka, na jambo limemzidi kimo.

Wizard wa kwetu tunawajua. "Jikaze, wewe mwanaume." "Ndo maisha, kaka." "Oa." Hata "mwombe Mungu", neno jema kabisa, likisemwa huku unaangalia saa linakuwa mlango wa kumtolea mtu nje.

Mlinzi wa getini kwetu aliwahi kuniambia, "Kaka, siku hizi kichwa hakikai sawa." Nikamwuliza, hakikai sawa vipi? Tukavuta viti, chai ikaletwa, akaongea mpaka adhana ya alfajiri. Kumbe chumba chake kilipakana na mafundi wa kuchomelea mageti, na mchana wote grenda inalia kichwani. Alikuwa halali. Hamisha-hamisha ya chumba haikumaliza yote, lakini mtu alianza kurudi.

Kwa hiyo anza hapo: unalala? Unakula? Kisha uliza lile unaloliogopa, bila kuzunguka: unawaza kujidhuru, au kumdhuru mtu? Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, linampa nafasi ya kulitoa. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, mpeleke hospitali wewe mwenyewe. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na Mirembe kule Dodoma ndiyo kazi yao. Aliyeandika filamu hii, Paul Schrader, ndoa yake ilikuwa imevunjika, akawa anaishi ndani ya gari. Kidonda cha tumbo kikamlaza hospitali, na alipoongea na nesi ndipo akagundua kwamba kwa wiki kadhaa hakuwa ameongea na mtu yeyote.

Damu ya mwishoni, Travis anapopiga watu risasi, ni nyingi, ingawa rangi zilififishwa ili ipite kwa wakaguzi. Magazeti ndani ya filamu yanamwita Travis shujaa, na wapo wanaoliamini hilo hata wakizima runinga. Mwaka 1981 John Hinckley alimpiga risasi Rais Reagan wa Marekani, naye alikuwa amezama kwenye filamu hii na kwa mwigizaji wake Jodie Foster. Kwa hiyo watoto wasiwepo, na wewe usiitazame peke yako saa nane ya usiku. Itazameni mchana, wawili. Mkifika kwa Wizard, simamisha, mwulize mwenzio yeye angejibu nini.